Mfuko wa kubadilishia wavu wa mbao: anza na mdomo, bei baadaye

Malalamiko ni yale yale, yanabadilika majina tu. Mdau wa Mbweni anasema mfuko mpya wa wavu wake wa kuopolea samaki, ule wa mkononi wenye mpini na fremu, umechanika pembeni kabla hata hajauzoea. Mwingine wa Kigamboni kauziwa mfuko unaopendeza, kafika nyumbani hauingii kwenye fremu kabisa. Na kuna wa Msasani, wavu wake wa mbao kaurithi kwa babu yake, yeye anauliza kwa kifupi: "Dada, ninunue upi?"

Nawajibu wote hapa, kuanzia ninaoupenda hadi nisioutaka. Rangi sitaigusa. Kina cha mfuko nacho sitakigusa. Kila mtu anajua kolekole hatoshi kwenye mfuko wa perege. Kinachowaliza watu ni mdomo.

Mdomo ndipo mfuko unaposhikana na fremu. Nyavu nyingi za dukani zina fremu ya alumini, na mfuko wake umeshonwa pindo kama la pazia: unachomoa fremu kwenye mpini, unapitisha, kazi imeisha. Fremu ya mbao haichomoki. Ni mbao nyembamba zilizopindwa na kugandishwa kwa gundi pamoja na mpini, duara halina mwanzo wala mwisho. Ndiyo maana imetobolewa matundu madogo kuizunguka yote, na nyingi zina mfereji mwembamba upande wa nje ili uzi ulale ndani yake usisagwe kila wavu unapogusa ubavu wa boti. Mfuko wa pindo haupiti hapo hata ukiubembeleza. Unataka mfuko wenye macho (vitundu vya wavu wenyewe) wazi mdomoni, unaofungwa kwa uzi tundu kwa tundu. Ndugu yangu wa Kigamboni, hilo ndilo lililokukuta.

Halafu kuna mzunguko. Muuzaji atakutajia upana na kina mpaka uchoke, mzunguko wa mdomo hautaji. Mdomo ukiwa mdogo kuliko fremu, mfuko unakaa umevutika saa zote, hata wavu ukiwa umetundikwa ukutani. Siku samaki mzito akijirusha, macho yaliyobeba mvuto ule ndiyo yanaachia kwanza, na hapo utasikia watu wanalaumu nyuzi. Mdau wa Mbweni, huenda hilo ndilo lililokukuta. Ukiwa mkubwa kupita kiasi unajikunja marundo marundo na ndoana inapata pa kujificha. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua uzi, uzungushe kwa ndani ukifuata matundu, kisha uunyooshe kwenye rula. Namba hiyo andika kwenye simu. Fremu nyingi zina umbo la yai, kwa hiyo upana peke yake hautakusaidia kitu.

Sasa, wa kwanza kwangu ni mfuko wa mpira wa Brodin, ule usio na rangi wanaouita Ghost. Sijifichi, mimi ni wa Brodin, na hakuna aliyenilipa. Ni Wamarekani wanaotengeneza nyavu za mbao wenyewe, kwa hiyo mdomo wa mfuko wao umefikiriwa na mtu aliyewahi kushika fremu yenye matundu. Nyavu za aina hii zilikulia kwenye mito ya trauti, samaki wa maji ya baridi, ambako wavuvi wengi humrudisha samaki majini akiwa hai. Ndiyo sababu mpira unathaminiwa: haukwangui ute wake, na ndoana ya meno matatu inatoka bila kuhitaji kisu. Ubaya wake ni uzito, na ukiuburuza majini unauvuta mkono kweli kweli. Usiuweke pia karibu na dumu la petroli ya injini, petroli na mpira haviivani.

Tatizo ni kuufikisha Dar. VAT ya asilimia 18 haikatwi kwenye bei ya mfuko peke yake. Wanajumlisha usafiri, bima na ushuru wa forodha kwanza, ndipo wanapiga hesabu. Yaani unalipia kodi mpaka nauli ya mzigo. Hiyo angalau imeandikwa kwenye sheria. Kinachonichosha ni wale wanaoagiza vichache na kuviuza mtandaoni bila bei. "Njoo inboksi." Nikija inboksi, swali la kwanza si saizi ya fremu, ni "unakaa wapi, dada?" Jibu Masaki, utapata bei ya Masaki. Jibu Mbagala, ghafla kuna punguzo. Mfuko wa wavu nao una mtaa jamani? Na ukiwauliza mzunguko wa mdomo wanakutumia tena picha ile ile.

Wa pili, na kwa wengi wetu ndio wenye akili zaidi, ni mfuko wa kushonewa. Nunua wavu wa nailoni wa plai 9 au 12 (plai ni unene wa uzi), au plai 18 kama unawafuata chewa, umpelekee fundi nyavu Feri au Kunduchi. Mpelekee fremu yenyewe, picha ya simu haina mzunguko. Hesabu yake ni rahisi: jicho la inchi 1 likivutwa, ukilifungua vizuri kwenye mdomo linachukua kama nusu yake, sm 1.27. Fremu yenye mzunguko wa sm 130 itataka macho 102 hivi, na fundi mzoefu atafika hapo kwa kupima na vidole tu. Mdomo unatoka saizi ile ile ya fremu, jambo ambalo hata Brodin hawezi kukuahidi kama fremu yako si yake. Mafundo yatamkwangua samaki, lakini kama jioni anaingia kwenye nazi, hilo halikuhusu.

Angalizo kwenye kununua wavu wenyewe: usiuziwe poliethilini kwa jina la nailoni. Kata kipande, kitumbukize kwenye ndoo ya maji na ukikamue hewa kwa vidole. Nailoni huzama, poliethilini huelea. Ukizamisha fremu, mfuko unaoelea unapanda juu kupitia mdomoni, samaki anagongana nao badala ya kuingia. Muuzaji akikukatalia kupima, umeshapata jibu.

Wa tatu ni mifuko ya mpira isiyo na jina. Mingine ni mizuri. Mingine mdomo wake ni mgumu na mdogo, unaulazimisha ukae, na jua linamalizia kazi. Nunua ule tu ambao muuzaji amekubali kuupima mbele yako.

Wa mwisho ni kipande cha timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki kama wa mshipi, anachokufungia mtu kwa bei ya soda mbili. Nyavu za timba zimepigwa marufuku kwa uvuvi nchini, na uzi wake mwembamba unamkata samaki. Sina zaidi.

Ukishaupata mfuko, usiufunge siku hiyo hiyo. Toa uzi wa zamani, piga msasa kidogo, kisha pitisha vanishi ya boti ndani ya kila tundu kwa kijiti chenye pamba. Mbao iliyotobolewa hunywa maji kupitia matundu hayo, na gundi ikiachia pale hakuna mfuko utakaokuokoa. Ikikauka kabisa, gawa mdomo mara nne, shikiza kwa muda pande zote nne, ndipo uanze kushona kutoka kichwani mwa fremu kushuka kwenye mpini, upande mmoja kisha mwingine. Ukianzia kwenye mpini na kuzunguka moja kwa moja, macho yatakuishia au yatakubakia.

Uzi uwe wa poliesta wenye nta, ule wa kushonea ngozi. Nailoni ikilowa hulegea, na mdomo nao unalegea. Nunua mara tatu ya mzunguko wa fremu, na ukamilishe ununuzi kabla hujampelekea fundi, kwa sababu ukimwachia yeye atatumia kipande chochote kilicho karibu na mguu wake.