Tathmini: semina ya Nahumu na Obadia, Soweto, Mbeya

Semina hii ya jioni nne kuhusu Nahumu na Obadia, vitabu viwili vifupi vya manabii katika Agano la Kale, hufanyika Jumatano, saa kumi na moja hadi saa moja kasoro robo, kwenye ukumbi wa kanisa maeneo ya Soweto. Kiingilio hakuna, kitini cha kurasa 16 ni shilingi 2,000. Mwalimu wa shule ya Jumapili au kiongozi wa jumuiya anayeruka vitabu vya hukumu kwa kuviogopa, aende. Jioni mbili za kwanza ni bora sana.

Ubora wake ni mpangilio. Nahumu hafunguliwi siku ya kwanza. Muda wote unakwenda kwenye 2 Wafalme 17 hadi 19: Samaria, mji mkuu wa Israeli, inaangukia mikononi mwa Waashuru mwaka 722 KK, kisha mwaka 701 KK mfalme wao Senakeribu anaiteka miji yenye maboma ya Yuda. Mwalimu anaonyesha picha za kuzingirwa Lakishi, mmojawapo wa miji hiyo, ambazo Senakeribu mwenyewe aliamuru zichongwe ukutani mwa jumba lake Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, na leo ziko London: mateka wanachunwa ngozi, familia zinahamishwa na mizigo yao. Aliyeziona picha hizo akisoma Nahumu 3 anasikia hati ya mashtaka dhidi ya Ninawi ikisomwa mahakamani. Asiyeziona anasikia nabii mwenye hasira tu.

Jioni ya pili kila mtu anachora mstari wa miaka. Nahumu 3:8 inaiuliza Ninawi kama ni bora kuliko No-Amoni, mji wa Misri ambao Waashuru waliuteka mwaka 663 KK. Ninawi yenyewe ilianguka mwaka 612 KK, mbele ya Wababeli na Wamedi. Unabii unakaa kati ya miaka hiyo. Halafu penseli inapita kwenye makosa kabla ya adhabu: damu, uongo na unyang'anyi (3:1), kuyauza mataifa (3:4), ukatili usiokoma (3:19). Zoezi hili pekee linatosha kulipia kitini.

Hapa kuna jambo la kurekebisha. Mafuriko ya 1:8 na 2:6 yanafundishwa kana kwamba historia imeyathibitisha. Kumbukumbu ya Kibabeli ya anguko hilo inataja mji kuzingirwa miezi mitatu, kutekwa, kuporwa na kugeuzwa magofu. Maji haiyataji. Mwanafunzi aelezwe hivyo waziwazi. Nahumu hapungukiwi na kitu.

Obadia amepunjwa. Aya 21 zimepitiwa chini ya saa moja, na Yeremia 49:7-22, inayofanana nayo mno, haikuguswa. Edomu, taifa la uzao wa Esau, hashtakiwi kwa ukubwa wa dola. Ni ndugu aliyesimama kando Yerusalemu ikiporwa, kisha akawakatia njia waliokimbia (aya 10 hadi 14). Shtaka hilo lilistahili jioni nzima.

Jioni ya nne ndipo mambo yanapoharibika. Washiriki wanaachiwa kuomba aya za Nahumu juu ya "adui zao", na adui hao wanageuka kuwa jirani wa shamba, wifi, mkuu wa kazi. Ninawi ilikuwa dola iliyokula mataifa! Dawa ipo ndani ya manabii wenyewe: Amosi 1 na 2. Hukumu inaanzia Dameski, inapita Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, wasikilizaji wakiitikia amina, kisha inatua Yuda na Israeli. Baada ya hapo isomwe Yona 4. Mji ni uleule Ninawi, na kitabu kinaishia kwenye swali kama Nahumu kinavyoishia kwenye swali. Yona anaulizwa kuhusu huruma ya Mungu, Ninawi inaulizwa kuhusu uovu wake. Maswali hayo mawili yasomwe kikao kimoja, bila kuchagua moja.

Ramani ya kitini imefifia hata mto Hidekeli (Tigris) hauonekani. Omba nakala ya rangi kwa mratibu. Beba Biblia ya Union Version na tafsiri moja ya kisasa, penseli, na koti zito ikiwa ni Juni au Julai. Mwenye nafasi ya siku mbili tu achague ya kwanza na ya pili, kisha Amosi na Yona avisome nyumbani.