TAHADHARI: Anauza Raspberry Pi 4 za mtumba, kila ubovu anakwambia "ni setingi tu"

Ndugu zangu mnaonunua bodi za Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za bodi moja, mtandaoni, hasa walimu na vijana wa elektroniki, someni hii kabla hamjarusha hela.

Kuna jamaa anauza Raspberry Pi 4 kwenye magrupu ya WhatsApp. Anasema yupo Kariakoo, na kwamba bodi zimetolewa kwenye mitambo ya kampuni iliyofunga mradi. Bei yake ipo chini kuliko ya dukani. Mimi nafundisha sekondari Morogoro, na nilikuwa naandaa seva ndogo ya Kiwix ili wanafunzi wasome Wikipedia darasani bila intaneti. Nikaanza na bodi moja ya GB 4 kwa 130,000. Ikafika kwa basi kesho yake, ikawaka bila shida. Hapo ndipo aliponinasa. Nikaagiza mbili za GB 8, nikatuma 360,000 na ya kutolea juu yake. Hela hiyo ni mchango wa wazazi.

Zilipofika, moja iliwaka, lakini nilipoandika free -h, amri inayoonyesha memori, haikufika hata GB 2. Nikampigia. "Mwalimu, hiyo ni setingi tu. RAM nyingine imezimwa. Fungua faili la setingi kwenye kadi, config.txt, weka total_mem=8192, halafu washa upya." Nikaweka, nikawasha upya, hakuna kilichobadilika.

Mstari wa total_mem upo kweli, ndiyo maana watu wanaumeza uongo wake. Lakini kazi yake ni kupunguza memori, haiongezi. Bodi ya GB 8 unaweza kuilazimisha ijione ina GB 1 ukitaka kujaribu programu. Ya GB 2 haigeuki kuwa ya 8 kwa maneno unayoandika kwenye faili, kwa sababu chipu ya RAM ilichomelewa kiwandani. Na bodi yenyewe inajitaja. Andika cat /proc/cpuinfo, shuka hadi mstari wa Revision. Kwa Raspberry Pi 4, herufi ya kwanza ya namba hiyo ndiyo inayotaja memori: a ni GB 1, b ni GB 2, c ni GB 4, d ni GB 8. Yangu ilisoma b03114. Hiyo ni GB 2, hata boksi liandikwe nini.

Bodi ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi. Taa nyekundu inawaka, ya kijani inapepesa kidogo inanyamaza, na kadi niliyochomeka ni ileile inayobuti vizuri kwenye bodi ya GB 4. Nikaunganisha HDMI nione. Inaisoma kadi, inatafuta faili la boot.img na sahihi yake boot.sig, inakosa, inaanza upya. Usiku kucha ingeendelea hivyo.

Jamaa akaniambia, "Imelokiwa tu kaka, tuma 45,000 fundi akupe fimwea ya kuifungua." Nikatuma. Faili nililopokea ni pieeprom ya kawaida, yaani fimwea (programu ya kuwashia bodi) ambayo watengenezaji wa Raspberry Pi wanaitoa bure kwa kila mtu. Nilipomuuliza, akanibloku.

Ukweli kuhusu bodi kama hiyo ni huu. Kampuni inayotengeneza mitambo inaweza kuifunga Raspberry Pi 4 ikubali tu mfumo uliotiwa sahihi kwa ufunguo wa kampuni hiyo. Alama ya ufunguo huo inachomwa kwenye sehemu ya chipu inayoandikwa mara moja tu, na ikishaandikwa haifutiki. Si suala la kuflash. Bila ufunguo wa mwenye mali, bodi hiyo haitabuti mfumo wako, na anayekuomba hela ya kuifungua anakuibia mara ya pili.

Nisiwatie hofu kupita kiasi, kwani shida za setingi zipo za kweli. Bodi ikigoma kubuti kutoka kwenye diski ya USB, huenda ni BOOT_ORDER tu, setingi inayoiambia bodi itafute mfumo wapi kwanza. Thamani 0xf41 inasomwa kutoka kulia: 1 ni kadi ya SD, 4 ni USB, f ni kurudia mwanzo. Kama 4 haimo, unaiongeza kwa rpi-eeprom-config --edit na unawasha upya. Kama fimwea ya kuanzia imeharibika, fungua Raspberry Pi Imager, tafuta Bootloader kwenye zana za ziada, andika kadi, ichomeke. Ikikubali, skrini nzima inageuka kijani. Yote hayo ni bure.

Kwa hiyo kabla ya kulipa mtu yeyote, mwambie awashe bodi bila kadi, HDMI ikiwa imeunganishwa, na arekodi video moja isiyokatwa. Baada ya sekunde chache unatokea ukurasa wenye mstari wa board. Hapo utaona namba ya toleo, ile yenye herufi ya memori, na namba ya utambulisho wa bodi (serial). Iandike, maana mzigo ukifika utailinganisha. Halafu, ndani ya video hiyohiyo, achomeke kadi aliyoiandika upya na bodi ibuti hadi mwisho. Mimi nilitumiwa video ya bodi nyingine kabisa, na sikuomba namba.

Laini na picha ya wasifu anabadilisha, lakini video zake mtazitambua: meza yenye kitambaa cha plastiki cha bluu chenye maua, feni ya mezani nyuma, na bisibisi yenye mpini wa njano anayoonyeshea bodi. Akikataa kurekodi ukurasa wa bila kadi, ujue ndiye.

Namba zake mbili za simu nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, na nimechukua RB polisi. Kama nawe umepigwa na ujumbe wa muamala bado unao, usiufute. Nitumie inbox niuongeze kwenye jalada.