Kununua Bata Maskovi kwa Ufugaji wa Uani: Lipi Lipewe Nafasi ya Kwanza

Bata Maskovi, yule mwenye vinundu vyekundu kuzunguka macho na mdomo, asili yake ni Meksiko pamoja na Amerika ya Kati na Kusini, na hana undugu wa karibu na bata wengine wa kufugwa. Anayetaka kuanza kumfuga ataletewa mayai, vifaranga, bata wanaokua, bata wakubwa au chotara, na kila muuzaji atasifia alicho nacho. Mpangilio ufuatao una kigezo kimoja tu: ni kipi kitakachompatia mfugaji mdogo, kwa hasara ndogo kabisa, jike anayeatamia na kulea mwenyewe. Wako bata wa mayai wanaomzidi Maskovi mbali kwa kutaga. Lakini jike wa Maskovi hulalia mayai kumi hadi kumi na matano kwa siku 35 hivi, akaangua bila mashine wala umeme, na baada ya hapo akawalinda vifaranga wake kwa ukali. Uwezo huo ndio unaostahili kulipiwa.

Nafasi ya kwanza naipa bata wanaokua, wa umri wa miezi mitatu hadi mitano. Wamekwisha kuvuka kipindi cha vifo vingi, na jinsia zao hazina utata tena: dume huwa mzito karibu mara mbili ya jike, miguu yake ni minene, na anapokaribiwa hatoi sauti zaidi ya pumzi nzito. Jike huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba, hivyo mnunuzi hangoji sana, na miaka yote ya uzazi ya ndege huyo inakuwa mikononi mwake.

Usilipe kabla ya kumshika. Mbane mabawa yake kwenye mwili na uielekeze miguu mbali nawe, kwa kuwa kucha za Maskovi ni kali na hukwangua vibaya. Papasa mfupa wa kifua: ukichomoza kama ukingo wa kisu, bata huyo amekonda, ama kwa njaa ama kwa minyoo. Geuza nyayo utazame kama zina vidonda vyenye kigaga cheusi katikati. Macho yenye povu huonyesha kwamba bata amenyimwa maji ya kina cha kuzamisha kichwa. Kasoro hiyo hurekebishika, lakini inaeleza mengi kuhusu banda alikotoka. Manyoya yaliyogandamana kwa kinyesi cha kijani chini ya mkia ni sababu tosha ya kumrudisha chini na kuondoka. Bawa lililopinda kuelekea nje haliharibu nyama, ila ndege wa namna hiyo asifanywe mbegu.

Kwa majike wanne au watano, dume mmoja anatosha, na heri atoke kwa mfugaji mwingine ili ndugu wasipandane. Anayependa rangi afahamu jambo moja lenye manufaa: rangi ya chokoleti hurithiwa kwa kufuata jinsia, kwa hiyo dume wa chokoleti akipanda majike weusi halisi, vifaranga majike hutoka chokoleti na madume hutoka weusi, nawe unawatenga siku ile ile wanapoanguliwa. Kwa biashara ya nyama, weupe ndio wanaofaa zaidi, kwa sababu mabaki ya manyoya hayaonekani kwenye ngozi.

Bata wakubwa wanaotaga wanakuja nafasi ya pili, na wangeweza kuwa wa kwanza iwapo muuzaji angekuonyesha jike akiwa na vifaranga vyake. Taabu ni kwamba wafugaji wachache huuza jike bora bila kulazimika. Mara nyingi kinacholetwa sokoni ni mzee, au yule anayetelekeza mayai. Uliza sababu ya kuuzwa kwake, kisha uulize tena kwa njia nyingine. Majike wa Maskovi pia huruka vizuri, hivyo aliyehamishiwa kwako akiwa mkubwa apunguzwe manyoya marefu ya bawa moja kabla hajaachiwa.

Vifaranga ni wa tatu. Bei ya kila mmoja huvutia, lakini jinsia ni bahati nasibu, na madume wengi kupita kiasi huwachosha na kuwaumiza majike. Chakula cha vifaranga wa kuku mara nyingi huwa na upungufu wa niasini, yaani vitamini B3, ambayo bata huihitaji zaidi kuliko kuku. Ikikosekana, miguu hupinda na kifaranga hushindwa kusimama. Chachu ya bia ikichanganywa na chakula huziba pengo hilo. Anayenunua vifaranga awahesabu pamoja na gharama ya joto na lishe, maana hapo unafuu wa bei hupungua sana.

Chotara wanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndio wanaowapotosha wanunuzi wengi. Dume wa Maskovi akipanda jike wa bata wa kawaida, kwa mfano Pekin, mayai huanguliwa kwa siku 32 hivi, kati ya siku 28 za bata wa kawaida na 35 za Maskovi, na watoto hukua haraka, wakiwa na nyama nyingi isiyo na mafuta mengi kama ya Pekin, huku dume na jike wakikaribiana uzito. Ukigeuza wazazi hao, yaani dume wa bata wa kawaida akipanda jike wa Maskovi, madume huwa wakubwa na majike wadogo, jambo lisilompendeza anayeuza nyama. Taiwan na Ufaransa huzalisha chotara wa aina ya kwanza kwa wingi, tena kwa upandikizaji wa mbegu, kwa sababu wazazi hao wakiachwa wapandane wenyewe mayai mengi hayarutubishwi. Wote, madume kwa majike, ni tasa. Kama lengo lako ni kunenepesha na kuchinja, wape nafasi ya kwanza bila kusita. Kama unataka kundi linalojizalisha, hawana nafasi kabisa. Jihadhari na anayekuuzia chotara kwa jina la Maskovi: tazama uso, kwani Maskovi aliyekomaa huwa na vinundu vya wazi, ilhali chotara huwa na uso karibu laini.

Mayai ya kutotolesha ni ya mwisho kwa anayeanza. Mayai ya Maskovi ni magumu kuangua kwa mashine, na hakuna awezaye kuthibitisha kwa macho kwamba yai bichi lina mbegu. Hata hivyo, ukishapata jike wako anayeatamia, hesabu inabadilika: mayai yasiyozidi wiki moja tangu kutagwa, yaliyopumzishwa siku nzima baada ya safari na kuwekwa chini yake usiku, ni njia rahisi na salama ya kuingiza damu mpya kundini, kwa kuwa hayakulazimu kuleta bata mgeni ambaye ungepaswa kumtenga kwa wiki kadhaa kwa hofu ya magonjwa.