The Holdovers: mwalimu mkali, mtoto aliyeachwa bwenini na mpishi mwenye msiba

Aliyesoma bweni anaijua ile siku ya kufunga shule, wenzako wanachukuliwa mmoja mmoja na wewe bado umekalia sanduku lako. The Holdovers, filamu ya Alexander Payne ya mwaka 2023, inaanzia hapo hapo. Ni Desemba 1970, shule ya wavulana wa kitajiri huko New England, Marekani, na theluji imetanda kila mahali. Angus Tully ameshafunga mizigo ndipo mama yake anampigia simu: usije, mimi na mume wangu mpya tunakwenda fungate. Anabaki mikononi mwa Paul Hunham, mwalimu wa historia ya kale ambaye shule nzima haimpendi, mkuu wa shule akiwemo.

Paul Giamatti amemvaa huyo mwalimu barabara. Jicho moja lina makengeza, mwili unanuka samaki kwa sababu ya maradhi, chupa ya wiski haiko mbali, na akikutukana utahitaji kamusi. Nilijiandaa kuona hadithi tuliyoizoea: mwalimu atoe hotuba, mtoto alie, yaishe. Wapi! Hunham hajui kulea mtoto hata kidogo. Anajifunza kwa kukosea, na mara nyingi Angus ndiye anayemfundisha.

Kuna mahali wako mgahawani Boston, Angus anataka cheri zinazomwagiwa brandi na kuwashwa moto. Mhudumu hataki, kijana hapewi kitu chenye kileo. Basi wanatoka na cheri zao na aiskrimu, wanamwaga pombe wenyewe pale kwenye maegesho ya magari, wanawasha, na moto unaruka juu kuliko walivyotegemea. Hakuna anayesema neno la maana. Kwangu mimi hapo ndipo mwalimu anapogeuka mlezi.

Lakini aliyenikaa rohoni ni Mary, mpishi mkuu, anayechezwa na Da'Vine Joy Randolph. Mwanawe Curtis alisoma shule hiyo hiyo, akakosa fedha za chuo, akapelekwa vitani Vietnam, akafa. Watoto wa wenye nazo wanaendelea kula chakula anachopika mama huyo. Msiba wake anautembeza kimyakimya, anavuta sigara, anatazama televisheni, mpaka mkesha wa Krismasi unamzidi nguvu akiwa jikoni kwenye nyumba ya watu. Baadaye anampelekea mdogo wake mjamzito, kule Roxbury, mtaa wa Boston, nguo alizovaa Curtis akiwa mchanga. Hapo nililia, sioni haya kusema. Oscar ya mwigizaji msaidizi aliyopewa mwaka 2024 ni haki yake, ingawa bado nasema filamu imempunja: safari ya Boston inaegemea mno kwa wanaume wawili.

Ina dakika 133 na mwanzoni inajikokota. Kuna wavulana wengine wanne tunaotambulishwa kwao kwa kirefu, halafu wanaondoka na helikopta na hatuna haja nao tena. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, maana Hunham anachanganya na Kilatini. Na usikae nayo sebuleni na watoto wadogo, matusi na bangi vimo. Kwa kijana wa kidato cha tano au cha sita, na mzazi wake pembeni, sioni shida.

Desemba nitaitazama tena, ila nitaanzia pale helikopta inapoondoka.