Karata za kuzidisha zilizomfundisha binti yangu kwamba 7 × 8 ni 54

Wazazi wenzangu mnaofikiria kununua karata za kuzidisha zinazouzwa kwenye boksi, zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, naomba msome kwanza yaliyotupata. Za kwetu nilizinunua Kariakoo, katika duka moja la vifaa vya shule, siku zile za pilikapilika za kufungua shule.

Nyuma ya karata ya 7 × 8 pamechapishwa 54, kwa tarakimu kubwa nyekundu, na pembeni yake amechorwa twiga anayecheka. Binti yangu, ambaye yuko darasa la tatu na huamini kila kitu kilichochapishwa, alilishika jibu hilo barabara kuliko mengine yote kwa sababu alimpenda yule twiga. Mwalimu wake alipomwekea alama ya kosa kwenye daftari, mtoto alieleza kwa adabu, mbele ya wenzake, kwamba karata ndivyo inavyosema, akachekwa, akarudi nyumbani hataki hata kula. Kibaya zaidi ni kwamba karata ya 8 × 7 katika boksi hilohilo imeandikwa 56, sahihi kabisa. Basi mtoto, kwa kutafuta namna ya kuyapatanisha majibu mawili, akajiaminisha kwamba namba zikibadilishana nafasi jibu nalo hubadilika. Jambo ambalo ndilo msingi wa kuzidisha, na ambalo alikuwa amelielewa tangu darasa la pili, lilivurugwa na kipande kimoja cha karatasi, na hadi leo akiulizwa ghafla, 54 ndiyo inayomtangulia mdomoni.

Kosa la uchapaji linaweza kumpata yeyote, na ningelisamehe laiti ningesikilizwa dukani. Nilikwenda na boksi zima pamoja na risiti, nikamwonyesha kijana aliyekuwa kaunta zile karata mbili. Alizitazama, akainua mabega, akaniambia, "Mama, karata ziko nyingi humo, moja tu ndiyo inakusumbua?" Nilipomwomba anibadilishie au anirudishie fedha zangu, alinyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani inayosema mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akamgeukia mteja mwingine huku mimi bado nazungumza. Nilimwomba basi atazame angalau kama maboksi yaliyobaki rafuni yana kosa hilohilo, asije mzazi mwingine akapata hasara kama yangu, akanijibu bila kunitazama kwamba hayafunguliwi mpaka yalipiwe.

Pamoja na hayo, haki isemwe: watoto walizipenda karata hizi, na ziliwasaidia. Kabla ya hapo binti yangu alikuwa anakariri tebo ya saba kwa kuiimba, na ukimkatiza kumuuliza saba mara sita, alilazimika kuanza upya kutoka saba mara moja mpaka afike. Karata zikichanganywa, wimbo unavunjika, na kila swali linasimama peke yake. Isitoshe, mtoto akishaelewa kwamba 6 × 9 na 9 × 6 ni kitu kimoja, tebo zote kuanzia ya 2 hadi ya 9 zina maswali 36 tu ya kukumbuka, na yanayosumbua kweli, yale ya 6, 7, 8 na 9 zenyewe kwa zenyewe, ni 10. Kumi hayo yanachezeka baada ya chakula cha jioni bila mtu kuchoka.

Lakini kwa kazi hiyo boksi lao halihitajiki hata kidogo, na hili ndilo linalozidi kunikasirisha kadiri ninavyoandika. Karata za kawaida, za kopa, uru, shupaza na pau, ambazo bei yake haifiki hata robo ya boksi lile, hufanya kazi hiyohiyo kwa uaminifu zaidi. Sisi tunaondoa wazungu, yaani karata zenye picha za watu, na zile za 10, ree, ile yenye alama moja, tunaihesabu kuwa 1, zinabaki karata 36. Mdogo wa binti yangu, ambaye bado anajifunza kujumlisha, huzitandaza zote mkekani na kuokota mbili mbili zinazofanya kumi: 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Akikwama, huweka kidole juu ya alama za karata yenyewe na kuzihesabu moja moja. Akiokota sawasawa, karata zote huisha, jozi 18 bila kubaki hata moja. Zikibaki, anajua mwenyewe kwamba mahali fulani amekosea, na anarudi kutafuta. Kwa dada yake, kila mchezaji hufunua mbili, huzizidisha, na mwenye jibu kubwa huchukua zote.

Mama mkwe wangu hakufurahi kuona karata mikononi mwa wajukuu, kwani kwake karata na kamari haziachani, na hofu yake naiheshimu. Tulikubaliana kwamba hapawekwi dau lolote, hata pipi. Hata hivyo, wazee wa barazani wanaocheza mchezo wa karata uitwao wahedi wa sitini hujumlisha pointi kichwani jioni nzima, ree 11, saba 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2, jumla 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Sijapata kuwaona wakiomba kalamu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba boksi lile linafaa mradi ile karata moja isahihishwe kwa kalamu. Sasa siwezi kusema hivyo, kwa sababu mzazi anayenunua jibu lililochapishwa ananunua uhakika, na uhakika huo haukuwemo. Ikiwa ni lazima ununue, mwombe muuzaji afungue nailoni palepale, utoe karata zote za yale maswali 10 ya 6 hadi 9, usome nyuma ya kila karata, na ulinganishe 7 × 8 na 8 × 7. Akikataa kufungua, usitoe fedha.