Mkono wa kushoto haupimwi presha

Mama kanikataza kuandika. Ati wale ndio wanaomsafisha damu, nisije nikawakera. Basi jina la kituo silitaji. Kipo hapa hapa Unguja.

Mama kahama Wete, Pemba, kuja kukaa kwangu Fuoni kwa sababu ya hii mashine ya wagonjwa wa figo tu. Mara tatu kwa wiki, na kila mara saa nne nzima kitandani. Mambo hayo huyawezi kwa boti. Mwanzo alikuwa na mpira shingoni wa kupitishia damu, baadae wakampasua mkono wa kushoto wakaiunganisha mishipa, ule unaotoka na damu moyoni na ule unaorudisha. Wanaita fistula. (Si ile ya uzazi, maana shangazi zangu walishaanza kunong'ona.) Tukasubiri wiki na wiki mpaka ikomae. Sasa ukiweka kidole pale unausikia mshipa unatetemeka, utasema simu iliyozimwa sauti. Alfajiri, kabla hajatia udhu, mama anaugusa kwanza. Ukitetemeka, alhamdulillahi, ndio anashuka kitandani.

Sasa siku hiyo tumemkuta kijana mgeni anayepima uzito na presha. Kauvuta mkono wa kushoto, kafunga mkanda. Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huo haupimwi." Hata macho hakuinua. "Tulia bibi, mkono ni mkono."

Mkono ni mkono! Kwenye chumba cha wagonjwa wa figo! Mkanda ule ukibana, damu inasimama, na damu ikisimama inaweza kuganda. Mshipa ukiziba ndio umerudi kwenye mpira wa shingoni, na kisu upya. Hilo mama yangu aliyeishia darasa la nne analijua. Kijana keshaanza kutia upepo. Nikaubandua ule mkanda mwenyewe, ukalia krrr, benchi zima likageuka. Akaniambia sina adabu. Labda siku ile kweli sikuwa nayo, sauti yangu ilifika mpaka kwa walinzi.

Ningeandika usiku ule ningesema mgonjwa wenu msimpeleke pale hata kwa bure. Lakini ndani kuna muuguzi mmoja, mtu mzima. Hakuuliza nani mkosa. Aliweka vidole vitatu juu ya mshipa, akafumba macho, halafu akatia kipimo masikioni akasikiliza. "Unanguruma, bi mkubwa." Mama akalia. Zile sindano mbili za kumuunganisha na mashine anazichoma huku anamuuliza karafuu mwaka huu zikoje, mpaka mama anasahau kutazama. Huyo ningempa nyota zote, na zile nilizomnyima mwenzake juu yake.

Au tuseme ukweli, hata asingekuwepo tungerudi. Kesho kutwa ni zamu ya mama, nimpeleke wapi?

Kijana hajaomba radhi mpaka leo. Binti yangu kamchora bibi yake hina nyuma ya kiganja cha kushoto, herufi kubwa: SI HUU. Safari iliyofuata mama kaingia, kamnyooshea kiganja bila kusema neno. Kijana akasoma, akacheka, akaomba mkono wa kulia. Mama nae akacheka, sasa hivi anamwita mjukuu.

Mimi bado nakaa pale pale karibu na mkanda. Na hina imeanza kufifia.