Nilikodi ukumbi kwa maonyesho ya chekechea, shikamoo ya mtoto haikuitikiwa

Niseme kwanza kwamba ukumbi wenyewe ni mzuri. Uko hapa Moshi mjini, una veranda pana inayotazama mlima, vyoo visafi. Hayo yote yamenifutika kichwani kwa sababu ya shikamoo moja.

Nafundisha chekechea. Wiki kadhaa watoto walichora kwa rangi tulizotengeneza wenyewe: manjano, mkaa wa kusaga, maji ya bitiruti. Wengine walibandika majani makavu ya mgomba kwa uji wa ngano. Jumamosi moja, masika yameshakatika, tukawaita wazazi. Kazi nilizibandika chini, usawa wa kiuno changu, maana mtoto wa miaka minne akilazimika kuinua shingo kuutafuta mchoro wake, hayo ni maonyesho ya wakubwa. Nilitumia ile selotepu ya karatasi ya mafundi rangi, inayobanduka bila kung'oa kitu. Na msimamizi nilimuuliza kabla sijalipa. Akasema haina shida.

Wazazi wameanza kuingia, bibi mmoja ameshuka na haisi kutoka Kibosho, msimamizi huyo akatokea. "Nani kawaambia mchafue ukuta?" Binti mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa amesimama mbele ya mchoro wake, Kibo na Mawenzi, vyote rangi ya bitiruti. Akamwamkia: "Shikamoo babu." Kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Yule bwana akapitisha mkono juu ya kichwa chake, akavuta karatasi. Kibo ikaondoka, Mawenzi ikabaki ukutani.

Hata kama nimekosa, wa kugombezwa ni mimi! Mtu mzima huitikia shikamoo ya mtoto hata akiwa msibani.

Nilitaka kuishia hapo, niwaambie msikanyage pale. Lakini mama wa usafi, bila kutumwa na mtu, alileta kamba ya katani na kikapu cha vibanio vya nguo. "Mwalimu, twende nje." Tukafunga kamba kwenye nguzo za veranda, usawa wa macho ya watoto, tukatundika zote. Kweli kabisa, zilipendeza kuliko ukutani. Watoto waliwavuta mama zao kwa kanga, "njoo uone yangu", na yule bibi wa Kibosho alizunguka mara tatu. Kwa ajili ya mama huyo nilishaanza kusema kodini tu, ila ruhusa ya ukuta iandikwe kwenye karatasi.

Juzi nikapigiwa simu. Pesa yangu ya dhamana imekatwa, eti ukarabati wa ukuta. Picha za ukuta ninazo, hauna hata mkwaruzo. Basi, msikodi.

Mchoro binti ameuunga na mama yake kwa uji wa ngano. Jumatatu aliniuliza kama yule babu hakusikia. Nilimwambia hakusikia.